Spea ya Mkono wa Kushoto

Mtu wa kwanza kunipigia simu alitaka kujua kama usukani unatetemeka.

"Usukani upi?" nikauliza.

"Wa hiyo basi unauza."

"Siuzi basi, mzee. Nauza besi."

"Ndiyo, basi. Umeandika hapa: spea, mkono wa kushoto. Mimi niko na basi ya kutoka upande wa Ethiopia, usukani iko kushoto, na spea zake zimenisumbua sana. Wewe uko na nini? Giaboksi ama?"

"Niko na gitaa."

Nikasikia mbuzi upande wake wa simu.

"Gitaa ya nini?" akauliza hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeogopa kwamba kuna kifaa cha gari ambacho hajawahi kukisikia.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha kicheko kikaniishia, kwa sababu mtu ambaye angekifurahia kisa hicho kuliko mimi aliishi ng'ambo ya barabara, na ndiye niliyekuwa sijamwambia kwamba nauza.

Besi ni gitaa la nyuzi nne nene, lile ambalo wengi hawalisikii hadi linyamaze. Gitaa la kawaida, mkono wa kushoto hubana nyuzi shingoni na wa kulia hupiga. Langu limegeuzwa: kulia kunabana, kushoto kunapiga. Nilipokuwa chuo kikuu nilijinunulia jingine la namna hiyo, jipya, na hili la kwanza likabaki juu ya kabati. Halafu studio moja ya Nairobi ikakubali kunichukua nijifunze kazi, kwa sharti kwamba nije na amplifaya yangu mwenyewe. Amplifaya sikuwa nayo. Gitaa la ziada nilikuwa nalo. Mpiga besi mmoja wa hotelini Nanyuki, naye wa kushoto, alilisoma tangazo sawasawa na kusema angekuja Jumamosi kulichukua. Hesabu ilikuwa rahisi. Kilichonikwaza ni neno moja.

Aliyenipa gitaa hilo hakusema "chukua," wala hakusema "nakupa." Alisema, "Shika." Ukiambiwa shika, umepewa, au umeachiwa ulinde? Nimesoma fizikia miaka minne na hakuna mtihani ulionisumbua kama neno hilo.

Tulimwita Dereva. Isiolo ina madereva wengi kuliko miti, lakini mtaani kwetu Bulla Pesa ukisema Dereva bila kuongeza kitu, utaonyeshwa geti la bluu lililobonyea katikati, pale lori lake lilipowahi kulisukuma kwa makosa ya mtu mwingine. Kwake kila kosa lilikuwa la mtu mwingine. Habari za babu zake Wasomali, walifika huku na jeshi gani na kwa nini hawakurudi, watu wa ukoo wake wanazijua, tena kwa namna zaidi ya moja, nami nawaachia. Mimi naanza na mikono yake.

Mkono wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto, kwa miaka ya kuuegemeza dirishani juani. Wa kushoto ulikuwa mwembamba, laini kidogo, wenye vidole virefu vya karani. Ndio aliouheshimu. "Wa kulia ni wa salamu na chakula," aliniambia. "Wa kushoto ni wa gia na nyuzi. Sasa niambie, nani anafanya kazi na nani ni mgeni wa heshima?"

Maneno hayo, kutoka kwa Mwislamu wa safu ya mbele msikitini, yalinishtua. Mimi nilizaliwa wa kushoto. Nyumbani kwetu, sisi Wameru wa kanisani, mama alinihamishia kijiko kutoka mkono mmoja hadi mwingine hadi akachoka. Shuleni mwalimu mmoja aliupiga mkono huo rula kana kwamba ndio uliokosa hesabu. Dereva ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemsikia akiusema vizuri. Aliniita Kushoto, kwa sauti, barabarani, nami sikuona haya. Nilimwita adeer, kama walivyomwita watoto wote wa mtaa ule, yaani baba mdogo kwa Kisomali, ingawa sina tone la Kisomali mwilini.

"Salaam aleikum, adeer," ningesema getini.

"Aleikum salaam, Mkristo. Umekuja na swali ama umekuja na sukari?"

Kwa kawaida nilikuja na swali.

Aliendesha lori la Merti. Kwenda, alibeba unga, sukari na mabati. Kurudi, mbuzi, na juu ya mbuzi watu, na juu ya watu malalamiko. Njia ile hukatwa na laga, mito mikavu ya mchanga, ambayo siku nyingi ni barabara tu na siku moja ghafla ni mto. Huko ndiko alikopata falsafa yake yote, na falsafa yake yote ilikuwa juu ya gurudumu la ziada.

"Gari bila spea si gari," alisema. "Ni dua."

Na sheria yake ilikuwa na pande mbili, hakuwahi kutaja moja bila nyingine: spea hainyimwi, na spea haikataliwi. Ukimkuta mwenzako amekwama, unampa yako, hata kama jana alikutukana. Na wewe ukiletewa, unaipokea, hata kama anayekuletea ni yule uliyemtukana.

Upande wa kwanza aliutekeleza mbele ya mashahidi. Mwenye lori mmoja alikuwa amezungusha maneno soko la mifugo kwamba Dereva huendesha kama mtu aliyebeba mayai. Wiki hiyo hiyo Dereva akamkuta kwenye laga, magurudumu mawili yamepasuka na spea anayo moja. Akashuka, akamfungulia ya kwake, akamfungia kwa mikono yake, na alipomaliza akamwambia, "Sasa endesha kama umebeba mayai." Mbele kidogo gurudumu la Dereva mwenyewe likapasuka. Akakaa chini ya lori lake kuanzia adhuhuri mpaka karibu na magharibi.

Nilikipenda kisa hicho kwa sababu kilikuwa na tundu.

"Kwa hiyo sheria yako ndiyo iliyokukwamisha," nilimwambia.

"Ndiyo."

"Na yule uliyemsaidia alikuwa anakwenda upande gani?"

"Isiolo."

"Na wewe Merti. Kwa hiyo hata kukurudishia hangeweza."

"Hangeweza."

"Basi sheria hiyo ina faida gani?"

Akafikiri kwa dhati, maana hakuwahi kunidharau kwa swali. "Nilikwama na maji, na kivuli, na jina zuri," akasema. "Yeye alikuwa amekwama na sukari ya watu tu."

Upande wa pili wa sheria aliueleza kwa kisa cha dereva mwenye kiburi, aliyekwama katikati ya laga na kukataa spea ya mtu wa ukoo asioupenda. Akasema atasubiri ndugu zake. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, ambako hakuna aliyekuona. Maji yakashuka, yakaenda na lori na mzigo wa sukari. "Watu wa chini walikunywa maji matamu bila kununua sukari," alisema Dereva, na hapo alicheka kila mara, kisha akaacha kucheka mahali palepale kila mara. "Lakini sikiliza. Nyuma yake kulikuwa na magari manne yanangoja apite. Mtu akikataa spea hakwami peke yake. Anafunga njia."

Nilimwuliza kama kisa hicho ni cha kweli. "Barabara itasema," akajibu. Hilo lilikuwa jibu lake badala ya "sijui," neno ambalo sikumsikia akilitamka hata mara moja.

Muziki aliuanza ujanani, katika bendi ya mjini iliyopiga kwenye harusi na ukumbini siku za sikukuu. Bendi ilikufa kama bendi zinavyokufa. Mmoja akahama, mmoja akaokoka, mmoja akagombana na wote. Yeye akabaki na besi yake, anapiga alasiri kwenye baraza akiwa hana safari, peke yake, nyimbo ambazo nusu yake haipo. Ukipita ulisikia msingi wa nyumba isiyo na kuta.

Kulikuwa na jirani mcha Mungu aliyemwonya kuhusu ala hiyo. Dereva alimjibu kwa adabu kwamba besi haiimbi, haitaji mwanamke, haitaji pombe, inatembea tu. Lakini mwezi wa Ramadhani ukiandama, alichukua gitaa na kulegeza nyuzi zote nne mpaka zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, akalitundika kwenye msumari wake. Mwezi wa Idi ukionekana alizikaza tena. Hakuna mwaka aliokosa.

"Kama ni dhambi Ramadhani," nilimwambia, "ni dhambi pia mwezi unaofuata. Na kama si dhambi, mbona unalegeza?"

"Wewe lori ikifika nyumbani unazima injini?"

"Nazima."

"Kwa sababu injini ni dhambi?"

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira, nikitafuta kosa katika hoja ile. Lipo. Lilinichukua siku mbili kulipata, na nilipompelekea alikuwa ameshasafiri.

Sitaki aonekane mtu wa hekima tupu. Alihubiri subira na hakuweza kungoja chai ipoe. Ulimi wake uliungua kila siku ya Mungu, na kila siku alilaumu birika. Alikuwa dereva mtulivu na abiria wa kutisha, anayekanyaga breki isiyokuwepo na kumsimanga mwenye usukani. Mkewe aliniambia kwamba katika ndoa yao yote hajawahi kusikia neno "nimekosea" likitoka kinywani mwake, na kwamba alishaacha kulingoja, kama mtu anayeacha kungoja treni ije Isiolo, mji usio na reli.

Ndiyo maana kisa cha gitaa la kushoto kilipendwa mtaani. Miaka kabla sijazaliwa alitaka besi ya pili, iwe ya ziada. Akaagiza kupitia dereva mwenzake aliyefika hadi Addis. Gitaa likaja limefungwa kwa blanketi. Watu wa baraza wakakusanyika, akalifungua, akalipakata, na shingo ikaelekea upande usio wake. Kila kitu kimegeuka. Wote wakasubiri aseme kitu.

"Nimenunua spea," akasema, akalifunga tena.

Wakamcheka miaka. "Dereva, ile spea yako inaingia gari gani?" Naye: "Gari yake itakuja." Alipewa ushauri aliuze, akakataa. Aliombwa aliazime, akakataa pia, na hapa ndipo nilipombana siku moja: wewe unayempa adui gurudumu, mbona gitaa humpi mtu? Akasema aliyeomba alitaka kuzigeuza nyuzi alipige upande wa kawaida. "Huyo hajakwama," akasema. "Huyo anataka tu."

Gari lililokuja nilikuwa mimi. Nilikuwa kidato cha pili. Mama alinituma kuuliza kama mfereji wao una maji, nikalikuta gitaa lake kwenye kiti barazani, na kabla sijajizuia nikalipakata. Nililishika kinyume, shingo mkono wa kulia, nyuzi nene chini, nikapiga kwa kidole gumba cha kushoto. Lilitoa sauti ya ng'ombe mgonjwa. Nilipoinua macho alikuwa amesimama mlangoni na kikombe, na kwa mara moja maishani mwake chai ilikuwa inapoa.

Aliingia ndani, nikadhani anakwenda kumwita mkewe anifukuze. Akatoka na blanketi, akalifungua, akaniwekea mapajani gitaa ambalo kila kitu chake kilikuwa mahali ambapo mikono yangu ilikitaka.

"Shika," akasema.

Alinifunza kwa miaka miwili, akikaa mkabala nami ili tufanane kama mtu na kioo. Mwezi wa kwanza alinipa noti moja. Moja tu, nyimbo nzima, yeye akipiga nyingine zote. Nililalamika kwamba hata mbuzi angejifunza zaidi. "Mbuzi hangelalamika," akasema. Nikiongeza mbwembwe aliweka kiganja juu ya nyuzi zake, kimya kikaanguka kama mzigo. "Injini nzuri huisikii, Kushoto. Unasikia tu kwamba umefika." Nilipojiunga na chuo na kumweleza kwa nini uzi mnene hutoa sauti nzito, nikimchorea mawimbi mchangani kwa kijiti, alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo fizikia imekubaliana na mimi," akasema. "Iambie ahsante."

Siku ya kuondoka kwenda chuo nilimpelekea gitaa. Aliniangalia kama niliyemtusi. "Unasafiri," akasema. "Utasafirije bila?"

Ndivyo lilivyokaa kwangu. Na ndivyo nilivyofika Alhamisi ile, siku mbili kabla ya mtu wa Nanyuki, nikavuka barabara kwenda kuuliza maana ya neno "shika."

Nilikuwa sijakaa naye miezi kadhaa. Nilikuwa Nairobi nikitafuta kazi, na niliporudi nilikuwa na aibu ya mtu aliyerudi, nikawa nampungia mkono tu kutoka mbali. Nilijua lori sasa linaendeshwa na mkwewe. Nilidhani ni uzee, au lami. Tangu lami ifike Moyale, vijana wengi wa barabara kuu hawabebi sheria ya spea. Gari likikwama wanapiga simu, kitu kinaletwa kwa pikipiki. Nilidhani amechoka kuwa mtu wa mwisho kuikumbuka.

Alikuwa barazani, shuka begani, amefunikwa upande mmoja. Nikamwambia kwanza kisa cha mtu wa basi, nikitaka kumchekesha kabla ya kumwomba. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa kulia.

"Giaboksi!" akasema. "Na wewe ungemwambia ndiyo. Gia nne, zote za mbele." Kisha akatulia. "Kwa hivyo unauza."

Nikamweleza yote. Studio, amplifaya, Nanyuki, Jumamosi. Nikamweleza pia kwamba sijui kama ni langu.

"Ni yako," akasema. "Uza."

Ilikuwa haraka mno. Mtu aliyelilinda gitaa hilo dhidi ya mtaa mzima, amelitoa kabla sijamaliza sentensi. Ningefurahi na kwenda zangu. Mtu mwenye akili ya kawaida angefanya hivyo. Lakini mimi nikipewa jibu rahisi huwa nalitazama nyuma kama lina shimo. Nikatazama nyuma yake, ukutani, kwenye msumari.

Gitaa lake lilikuwa limetundikwa, na nyuzi zote nne zimelegea, zinaning'inia.

"Adeer," nikasema, "huu ni mwezi gani?"

"Mwezi wa maswali yako."

"Ramadhani ilipita zamani. Mbona nyuzi zimelegea?"

Akavuta shuka begani. Mkewe, aliyekuwa anamimina chai, akasema bila kugeuka, "Mwonyeshe mtoto mkono."

"Habari za mkono si za leo."

"Mwonyeshe, ama nitamwonyesha mimi."

Akautoa chini ya shuka. Mlango wa nyuma wa lori ulikuwa umeuangukia wakati wa kupakia, mapema mwaka huo. Ulikuwa umepona, kwa maana ya kwamba haukuwa na kidonda. Gumba na kidole cha shahada bado viliweza kukunjika. Vitatu vingine vilinyooka tu, vimekauka pamoja, kama watu waliogoma. Mkono wa gia na nyuzi. Sasa nikaelewa habari ya mkwewe, na shuka, na mbona tangu nirudi baraza ile ilikuwa kimya na mimi sikujiuliza, mimi ninayejiuliza kila kitu.

"Ningekuwa Ethiopia ningekuwa bado dereva," akasema. "Huko usukani iko kushoto, gia inashikwa na mkono wa kulia." Alisema kama mzaha na hakuna aliyecheka.

Mkono wa kulia. Nilisimama.

"Wapi sasa?" akauliza. "Kunywa chai."

Nilivuka barabara, nikatoa blanketi juu ya kabati, nikarudi. Alipoliona alijua, na uso wake ukafungwa.

"Hapana," akasema.

"Kulia kunabana," nikasema. "Kushoto kunapiga tu. Gumba na kidole kimoja. Gumba na kidole kimoja unavyo."

"Umesema inauzwa. Mtu anatoka Nanyuki."

"Atakwenda kwingine. Yeye hajakwama. Anataka tu."

"Kushoto, usinichezee na maneno yangu. Miaka yote nimefunza vidole hivi upande huu. Sasa nianze upya kama mtoto, mtaa wote unasikia? Na mwalimu ni wewe?"

"Spea haikataliwi, adeer."

"Hiyo ni ya barabara."

"Umeniambia haichagui. Nimekuuliza miaka yote hii kama sheria hiyo ina akili, ukasema ina akili. Sasa kama haina, niambie leo, nifurahi."

Mkewe aliweka birika chini. Nilikuwa nimebishana naye mara nyingi, ila nikiwa upande wa pili. Sikuwahi kuitetea sheria ile hadi alasiri hiyo, na hata sasa sina hakika kama ninaiamini. Nilijua tu kwamba yeye anaiamini, na kwamba alikuwa katikati ya laga.

Akanyoosha mkono wa kulia. Nikaliweka mapajani.

"Shika," nikasema.

Alilishika kama mtu anayepewa mtoto wa jirani. Akatazama shingo, sasa upande wa kulia kwake, akaipapasa, akaanza kukaza nyuzi moja moja kwa sikio. Huku akikaza alizungumza, kichwa kimeinama, kana kwamba anaongea na skrubu.

"Yule aliyeniletea aliulizwa dukani. Akanipigia simu kutoka huko, na simu ya siku hizo ilikuwa inakatika. Akaniuliza, 'Wewe unashika kwa mkono gani?' Mimi ninashika shingo kwa kushoto. Nikasema kushoto." Akapiga uzi, akausikiliza. "Swali lilikuwa baya."

"Lakini jibu lilikuwa sawa," nikasema.

"Hapana. Ningemwuliza anamaanisha nini. Wewe ungemwuliza." Akakaza tena. "Nilikosea."

Mkewe, aliyekuwa ameinua kikombe, alikirudisha chini polepole sana, kama mtu anayesikia treni.

Niliketi kando yake, maana sasa sote wa kushoto hatukuwa tena mtu na kioo. Nikampa noti moja. Kidole chake cha kulia kiliikosa, kikaikosa tena, kikaipata na kuiachia mapema. Gumba la kushoto, ingawa halikuwahi kupiga, lilishika mapigo upesi, likawa linangoja kidole hicho kigeni kwa subira ambayo mwenyewe hakuwahi kuwa nayo. Ilitoka sauti ya ng'ombe mgonjwa. Akanitazama kwa chuki kabisa, nami nikaweka kiganja juu ya nyuzi zangu za kufikirika, kama alivyonifanyia, naye akatukana kwa Kisomali na kuanza upya.

Mtu wa Nanyuki nilimpigia jioni hiyo nikamwomba radhi. Watu wa studio nao niliwapigia. Walisema nafasi haitaningoja muda mrefu, na sauti yao ilikuwa ya watu wenye orodha. Hilo linaniuma bado. Zipo siku navuka barabara kwenda kumfundisha huku najiuliza kama nilitoa gitaa kwa ukarimu, au kwa sababu kukaa kulikuwa rahisi kuliko kwenda. Nimemwuliza yeye pia. "Barabara itasema," anasema, na kurudi kwenye noti yake.

Sasa ana noti tatu. Juzi tulikuwa tukiitafuta ya nne simu yangu ilipolia. Nikaitambua sauti, na mbuzi.

"Dada, mimi ni yule wa basi. Bado nimekwama hapa Ngaremara. Sasa hata kama ni gitaa sijali, niambie tu ukweli. Hiyo spea ya kushoto bado iko?"

Dereva hakuinua kichwa. "Mwambie aje soko la mifugo," akasema, "aulize fundi mwenye kibanda cha mwisho. Ako na vitu za magari ya Ethiopia. Aseme ametumwa na mimi."

Nikamwambia. Akashukuru, kisha akasita. Nadhani jambo hilo lilikuwa limemsumbua tangu siku ya kwanza.

"Na ile yako uliuza?"

"Sikuuza. Imepata gari yake."

"Gari gani?"

Nilimtazama mzee akitafuta noti ya nne, ulimi nje, vidole vitatu vikavu vimesimama hewani.

"Ya zamani," nikasema. "Lakini inawaka."